UZI: Mto Msimbazi una sura nne kwa mwaka, ukiupima mara moja tu hujaupima

#1 Mchota Sampuli (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi sanifu mstaafu wa maabara ya maji. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kamba, ndoo na kreti la chupa: kusimama darajani, kuteremsha ndoo, kujaza chupa, kuandika saa na tarehe, kuhamia daraja linalofuata. Juzi nilikuwa kwenye daladala tunavuka Jangwani, abiria wawili wakawa wanabishana. Mmoja anasema mvua ikinyesha mto unajisafisha. Mwenzake anasema mvua ndiyo inayouchafua. Kila mmoja alikuwa na ukweli wake wa miezi fulani. Nilishuka Magomeni sijasema kitu, na tangu siku hiyo limenikaa rohoni. Naliandika hapa.

Kwa wageni wa jiji: Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unateremka kama kilomita 35, unapita mabonde ya Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi pale Daraja la Salender. Njiani unapokea vijito vingine, kama Mto Ubungo na ule wa Sinza ambao wengi tunauita Mto Ng'ombe. Ni mto mfupi. Maji yanayotoka Pugu mvua ikikoma ni kidogo mno, na hilo ndilo la kwanza kulielewa.

Kuanzia Juni mpaka Oktoba, chemchemi za juu zinapokauka, maji unayoyaona yakipita Vingunguti na Kigogo kwa sehemu kubwa si maji ya mto tena. Ni ya mitaro ya mitaa, machinjio, viwanda, vyoo vinavyovuja na mabwawa ya majitaka. Mto umebaki kuwa njia tu. Usishangae basi kwamba wakati huo, ukipima kila lita, ndipo uchafu wa kikemikali unapokuwa mzito kuliko wakati wote: amonia juu, chumvichumvi juu, oksijeni chini.

Nieleze namna tulivyokuwa tunapima oksijeni, maana ndilo jambo lililonifunza mto huu kuliko kingine chochote. Unajaza chupa ya kioo ya mililita 300 polepole, pembeni, bila hata tone la hewa kubaki. Hapohapo darajani unatia salfeti ya manganizi, kisha iodaidi ya alkali, unafunika na kupindua chupa mara kadhaa. Kama maji yana oksijeni, mnatokea mashapo ya kahawia, mazito kama kahawa. Kama hayana, mashapo yanatoka meupe. Siku ya kwanza nimepelekwa Vingunguti, ilikuwa Septemba, nilipindua chupa ikawa nyeupe kama tui. Nikadhani nimekosea dawa. Nikachukua chupa ya pili, nyeupe. Mzee aliyekuwa ananifundisha akaniambia: "Hujakosea, mwanangu. Humo hamna pumzi." Maji safi ya joto la nyuzi 25 yanaweza kubeba miligramu 8 na kidogo za oksijeni kwa lita. Samaki wengi wanataka 5 hivi, na zikishuka chini ya 2 wanaanza kufa. Kwenye chupa ile hapakuwa na cha kupima.

Halafu inakuja vuli.

Mvua ya kwanza ya Oktoba au Novemba watu huifurahia, vumbi limelala, joto limepungua. Kwa mto, hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote za mwaka. Hebu waza kilichokusanyika juu ya ardhi miezi minne bila mvua: mafuta yaliyomwagika magereji, majivu, kinyesi cha binadamu na wanyama, nyama iliyooza sokoni, mifuko, vumbi la breki na matairi barabarani, mashapo meusi chini ya mitaro. Vyote vinaondoka kwa pamoja ndani ya saa moja au mbili. Maji yanapanda yakiwa meusi, yana povu, na harufu yake haifanani na ya kiangazi. Ya kiangazi ni ya mayai viza. Ya mvua ya kwanza ina ukali wa mafuta na tope. Ukichota nusu saa baada ya mto kuanza kupanda na ukachota tena kesho yake, utadhani ni mito miwili tofauti. Mvua ya tatu au ya nne ya msimu ule haina tena sumu ya namna ile, kwa sababu jiji limeshaoshwa.

Januari na Februari mto unarudi kukauka, lakini mashapo ya vuli yamebaki kwenye kingo.

Masika, Machi mpaka Mei, ndipo yule abiria wa kwanza anapopata hoja. Maji ni mengi, kwa hiyo ukipima kila lita utaona amonia imeshuka, chumvi imeshuka, oksijeni imepanda. Kwenye karatasi mto umepona. Lakini tope limepanda sana, na vijidudu vya kinyesi havishuki, kwa sababu ambazo sote tunazijua: vyoo vya shimo vimejaa maji, na wako wanaongoja mvua kubwa ya usiku ili watapishe vyoo vyao. Tusifichane. Mvua ikianza kupiga saa nane za usiku, mtu anatoboa shimo la choo, na yote yanakwenda mtaroni. Asubuhi watoto wanavuka maji yaleyale kwenda shule.

Nawasilisha. Maswali yakaribishwe, na wenye uzoefu wa mito mingine waongeze.

---

#2 Mkazi wa Kigogo

Mkuu umeandika kitu tunachokiishi. Hapa kwetu mvua ikianza usiku harufu inakuamsha kabla ya maji hayajafika mlangoni. Lakini nikuulize: kama masika uchafu kwa kila lita unashuka, si ndiyo kusema masika ni afadhali?

---

#3 Mchota Sampuli

Swali zuri, na ndipo hata wataalamu wa ripoti wanapoteleza.

Nipige hesabu ya mfano, si vipimo halisi. Tuseme kiangazi zinapita lita 500 kwa sekunde, kila lita ina miligramu 100 za uchafu. Hiyo ni gramu 50 kwa sekunde. Masika zinapita lita 20,000 kwa sekunde, kila lita ina miligramu 20 tu. Hiyo ni gramu 400 kwa sekunde. Kila lita imekuwa na afadhali mara tano, lakini mzigo unaokwenda Jangwani na baharini umeongezeka mara nane. Anayetaka kuchota ndoo anajali lita. Mikoko ya Salender na samaki wa pwani wanajali mzigo wote.

Na kuna metali. Risasi, kromiamu na kadimi haziogelei sana peke yake, zinashika kwenye chembe za tope. Kiangazi zinalala chini ya mto. Mafuriko yanazikoroga, yanazibeba na kuzitandaza juu ya bonde, kwenye bustani na uani kwa watu. Maji yakishuka mnafagia tope, linakauka, linakuwa vumbi la kiangazi. Kwa hiyo uchafu wa Machi mnauvuta puani Julai.

Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kufanya familia nyingi za bondeni zihamishiwe Mabwepande, yaliacha tope la namna hiyo ndani ya nyumba. Watu walizungumzia vifo na makazi, na ni haki yao kabisa. Tope halikupata msemaji.

---

#4 Mama Mchicha

Shikamoo mzee. Mimi nalima bonde hilohilo, mchicha, matembele na chainizi. Nimesoma mpaka mwisho na moyo unanidunda. Kiangazi ndipo tunapouza, mvua zikija mboga zinakuwa nyingi mjini na bei inaanguka, tena bustani zinasombwa. Sasa unasema kiangazi ndipo maji mabaya. Mimi nikiacha kumwagilia hayo, nimwagilie nini? Bomba siwezi kulilipa. Kisima nilichimba kikatoa maji ya chumvi. Nina watoto watatu wanaosoma kwa mchicha huu.

---

#5 Mchota Sampuli

Marahaba, mama. Sikuandika kukufungia bustani. Wanaokula mboga za Dar es Salaam wote, mimi nikiwemo, tunakula jasho la watu kama wewe.

Nitenganishe mambo mawili, maana hayatibiwi kwa dawa moja.

La kwanza ni vijidudu. Hivi unaweza kuvipunguza wewe mwenyewe. Chimba shimo pembeni ya bustani, maji ya mto yaingie humo, yatulie siku moja au mbili. Mayai ya minyoo ni mazito, yanazama. Ukija na keni chota juu, usitie mguu ndani wala usikoroge chini. Mwagilia kwenye shina, si juu ya majani. Na siku chache kabla ya kuvuna acha kabisa maji ya mto, jua likaushe majani, maana jua linaua vijidudu vingi. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 1989 kwamba maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi vijidudu 1,000 vya kinyesi kwa mililita 100. Msimbazi wa kiangazi hauko karibu na hapo, lakini kila hatua kati ya hizo inapunguza. Na tafadhali usioshe mafungu kwa maji ya mto kabla ya kupeleka sokoni. Hapo unarudisha yote uliyoyatoa.

La pili ni metali, na hapa sitakudanganya. Wanasayansi wetu wamepima mboga za mabonde ya jiji hili mara kadhaa wakakuta risasi, kadimi na kromiamu. Kilichoingia ndani ya jani hakitoki kwa kuosha wala kuchemsha. Cha kufanya ni kuchagua mahali. Kiraka kilichofunikwa na tope jipya la mafuriko usikipande mboga za majani msimu huo, kwa kuwa majani hukusanya metali kuliko matunda. Weka bamia au nyanya chungu. Na kama bustani yako iko chini ya mdomo wa bomba lolote la kiwanda au mtaro wa magereji, hama hata mita mia moja kwenda juu yake. Najua maeneo hayagawiwi kirahisi. Lakini kama lipo la kuchagua, chagua la juu.

---

#6 Mwanasheria wa Mtaa

Mleta uzi, heshima kwako, lakini naona unaielekeza lawama kwenye hali ya hewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Viwango vya majitaka vipo. Tatizo la Msimbazi ni usimamizi. Misimu ni kisingizio.

---

#7 Mchota Sampuli

Mkuu, tuko upande mmoja. Ninachosema ni kwamba mchafuzi anaijua kalenda vizuri kuliko mkaguzi.

Nikupe la kwangu, jina nalihifadhi. Kulikuwa na kiwanda kimoja ambacho tulikuwa tunakitembelea kwa ratiba, asubuhi, siku za kazi, tena barua ya taarifa imetangulia. Majitaka yake yalitoka meupe na ya kistaarabu kila mara. Kiwango chetu cha uchafu unaokula oksijeni ni miligramu 30 kwa lita, kile kipimo cha siku tano ndani ya kabati la giza la nyuzi 20. Wao walikuwa chini ya hapo. Lakini wakazi wa upande wa chini walikuwa wanaapa kwamba mvua ikinyesha usiku mto unabadilika rangi, unakuwa wa zambarau, na alfajiri rangi imekwisha. Niliomba tuwekewe zamu ya usiku wa mvua. Nikajibiwa gari la usiku halina fungu la mafuta. Niliomba tena mwaka uliofuata. Sikuwahi kuipata ile zamu mpaka nastaafu, na mpaka leo sijui kama wale wakazi walikuwa sahihi, maana sina chupa ya usiku ule.

Hilo linaniuma kuliko yote. Mvua ni pazia. Anayemwaga chini ya mvua anajua maji mengi yatamfichia, na anajua mkaguzi amelala. Ndiyo maana sheria yenye ukaguzi wa Jumanne saa nne asubuhi ni nusu ya sheria. Sampuli ichukuliwe mdomoni mwa bomba, si kule chini mtoni ambako maji yameshachanganyika, na ichukuliwe pia usiku, na siku ya mvua ya kwanza.

Kuhusu mita 60: naiunga mkono, lakini tuangalie isije ikawa fimbo ya kumpigia mama wa mchicha huku bomba la mwenye ukuta mrefu likibaki palepale.

---

#8 Kimara Mwisho

Samahani mkuu kama nawatoa nje ya mada. Sisi tunakunywa maji ya bomba, Msimbazi hatuugusi. Lakini masika maji yanakuja ya rangi ya chai, na kiangazi hayaji kabisa. Na hilo ni la misimu?

---

#9 Mchota Sampuli

Liko ndani ya mada kabisa. Maji mengi ya bomba ya Dar es Salaam yanatoka Mto Ruvu, kwa mitambo miwili: Ruvu Juu pale Mlandizi, wa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, wa lita milioni 270. Ruvu unatoka milima ya Uluguru. Kule Mgeta na vijiji jirani watu wanalima miteremko mikali sana, na masika kila mvua inashuka na udongo. Maji yakifika Mlandizi ni uji.

Mtambo unatia shabu, chembe za tope zinashikana, zinazama, maji ya juu yanachujwa, ndipo yanatiwa klorini. Tope likiongezeka ghafla, shabu inayotakiwa inaongezeka, vichujio vinaziba haraka, vinaoshwa mara nyingi zaidi, na maji yanayotoka yanapungua. Kwa hiyo hata wakati mto umefurika bomba linaweza kusuasua.

La kushika nyumbani: klorini haifanyi kazi ipasavyo kwenye maji ya tope. Kijidudu kinajificha nyuma ya chembe, na klorini yenyewe inaliwa na uchafu kabla haijamfikia. Wengi wanatumbukiza kidonge kwenye dumu la maji ya rangi ya chai wanadhani wamemaliza. Kwanza yatulize. Shabu kidogo, au unga wa mbegu za mlonge kama walivyofanya bibi zetu, koroga, acha yazame, mimina ya juu kwenye chombo kingine, kisha kidonge au moto.

Kiangazi ni upande wa pili. Oktoba 2022 jiji liliingia kwenye mgao kwa sababu Ruvu ulikuwa umepungua mno. Maji yakiwa kidogo, Mto Ngerengere unaopita Morogoro mjini unaleta majitaka yaleyale kwenye mto usio na maji ya kuyazimua. Na bomba likikauka watu wanarudi kwenye visima vifupi. Watu wengi wanasema kipindupindu ni ugonjwa wa mvua. Mlipuko ule mkubwa wa 2015 ulianzia hapa Dar es Salaam mwezi Agosti, katikati ya kiangazi.

---

#10 Mwana Musoma

Wazee wa Dar mna Msimbazi, sisi tuna Mara. Machi 2022 maji yaligeuka meusi, samaki wakaelea, tukaambiwa tusiyatumie. Kamati ya serikali ikasema ni kinyesi na mikojo ya ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Nchi nzima ilicheka, na sisi wa huku tuliona tumedharauliwa, maana mto wetu unapita jirani na migodi na tuna historia nao. Wewe kama mtu wa maabara unasemaje? Ng'ombe wanaweza kuua mto?

---

#11 Mchota Sampuli

Ndugu yangu wa Musoma, nitajibu kwa uangalifu, kwa sababu watu walipoteza kitoweo na imani kwa wakati mmoja.

Je, kinyesi kinaweza kuua samaki wa mto mkubwa? Ndiyo, kinaweza, na Mara wenyewe ni ushahidi. Upande wa Kenya kuna viboko zaidi ya 4,000 kwenye mto huo na vijito vyake. Usiku wanakula nyasi, mchana wanashinda majini wanatoa kinyesi. Kiangazi maji yakipungua, mabwawa ya viboko yanatulia, kinyesi kinarundikana chini, oksijeni inakwisha, inazalika amonia na gesi ya mayai viza. Mvua ikinyesha juu, mto unapanda ghafla, unaisukuma ile supu yote kwenda chini, na samaki wanakufa njiani. Watafiti walioukalia mto huo miaka kadhaa walichapisha matokeo 2018 wakionyesha hivyo. Ni kanuni ileile ya mvua ya kwanza niliyoisema ya Msimbazi, tofauti ni kwamba huku aliyerundika ni binadamu na kule ni mnyama. Na hao hao walikadiria kwamba nyumbu kama 6,250 kwa wastani wanazama Mara kila mwaka wakati wa kuvuka. Mto unabeba mizoga yote hiyo, inaliwa na samaki, ndege na mamba.

Lakini kusema jambo linawezekana ni tofauti na kusema ndilo lililotokea. Ili useme Machi 2022 ilikuwa ng'ombe na si kitu kingine, ungetaka kuwa na vipimo vya Machi 2021, vya Januari, vya Februari, vya wiki moja kabla, pale Kirumi darajani na pale juu kabla ya mgodi na baada ya mgodi. Ukienda na chupa baada ya samaki kuelea, kilichowaua kinaweza kuwa kimeshapita kwenda ziwani. Wananchi walikataa majibu kwa sababu hawakuwahi kuonyeshwa mto wao ukoje siku za kawaida. Mimi ningekuwa mkazi wa Butiama au Rorya ningedai hivyo vipimo vya siku za kawaida kwa nguvu zote, vibandikwe ofisi ya kijiji kila mwezi.

---

#12 Mtu wa Malindi

Habari zenu kutoka pwani ya Kenya. Huku uchafu wa Nairobi tunauona baharini. Mto Athi ukitoka bara unaitwa Galana, halafu Sabaki, unaingia baharini kaskazini ya mji wetu. Mvua ikinyesha bara, siku chache baadaye bahari inakuwa nyekundu ya udongo. Na wavuvi wetu wanajua: wakati wa upepo wa kusi lile tope linasukumwa kaskazini, sisi tunapumzika. Wakati wa upepo wa kaskazi linashuka kwetu, linafunika mpaka matumbawe. Hoteli zinalalamika, wavuvi wa nyavu ndogo wanakaa bure.

---

#13 Mchota Sampuli

Ahsante sana, huo upepo nilikuwa nimeusahau. Kwa kweli umenionyesha upungufu wa hoja yangu: mto una misimu ya mvua, na mdomo wake una misimu ya upepo. Nimewahi kusoma kuhusu matumbawe ya Malindi kwamba ndani ya miamba yake imehifadhiwa metali ya bariamu iliyokuja na udongo wa Sabaki, tabaka kwa tabaka, mpaka wataalamu wakaweza kuona ni lini mmomonyoko wa bara ulianza kuongezeka karne iliyopita. Bahari iliweka daftari wakati sisi hatukuweka.

Na hilo la daftari ndilo nililotaka kulifikia. Huhitaji maabara kuanza kuujua mto wako. Mara mbili kwa wiki, mahali palepale, saa ileile, andika mambo matano: kimo cha maji ukilinganisha na jiwe au nguzo isiyohama, rangi, harufu, povu, na kama usiku uliopita ilinyesha. Ukipata chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, ijaze, iweke dirishani saa moja, pima kwa rula tope lililokaa chini. Mkifanya hivyo watu kumi kuanzia Kinyerezi mpaka Jangwani kwa mwaka mmoja, mtakuwa na kitu ambacho ofisi nyingi hazina. Na siku mto ukigeuka zambarau saa tisa za usiku, mtajua ulikuwa kijivu saa tatu.

---

#14 Mkazi wa Kigogo

Mimi nipo. Nguzo ya daraja naiona kutoka dirishani kwangu. Nitachora alama kwa rangi Jumapili.

---

#15 Mama Mchicha

Mzee, nilichukua daftari la mwanangu la darasa la nne lililobaki kurasa. Nimeanza jana. Naandika hapa uniambie kama nimepatia.

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Maji yako chini ya jiwe la kufulia, vidole vinne. Rangi ya kijivu. Harufu ya mayai viza, si kali sana. Povu hakuna. Usiku haikunyesha. Chupa ya dirishani, tope nusu sentimita, juu yake kama utando wa mafuta unaong'aa.

Na shimo la kutulizia maji nimeshalianza, liko magotini.

---

#16 Mchota Sampuli

Umepatia kabisa, mama. Huo utando unaong'aa uandike kila siku ukiuona, na andika pia siku usipouona. Chimba mpaka kiunoni kama udongo unaruhusu, weka mawe kwenye mdomo wa kuingilia ili maji yasikoroge. Ijumaa asubuhi nakuja Kigogo, nitapita kwako na chupa zangu mbili za kioo na dawa iliyobaki, tupindue pamoja uone rangi.